Swichi ya Pijo

Saa kumi na moja alfajiri, Isyonje.
Ukungu umekaa juu ya boneti kama mgeni asiyeaga.
Magunia kumi na mawili ya viazi yamekwisha kupakiwa,
turubai limefungwa,
nami nimeinamia usukani
naubembeleza ufunguo.

Hauzunguki.

Bwana shamba Mwasongwe aliponiuzia pikapu hii
alinionyesha matairi, akanionyesha kadi,
akapiga honi mara mbili nisikie sauti yake.
Habari ya swichi hakuigusa.
Aliwasha mwenyewe, upesi, huku akiniuliza hali ya mama,
nami nikajibu hali ya mama.

Miaka miwili sasa
nimejifunza kila namna ya kuuomba ufunguo huu:
kuusukuma hadi mwisho, kisha kuurudisha unene wa ukucha;
kuuyumbisha usukani kushoto, kulia, kushoto,
kama anayemlaza mtoto asiye na usingizi;
kuupulizia pumzi ya moto katika baridi ya Juni.
Siku moja niliutukana kwa Kisafwa, nikarudia kwa Kinyakyusa,
nikamalizia kwa Kiswahili
usije ukasingizia kwamba haukuelewa.

Uyole ushauri hauna bei.
Tia mafuta ya kula, alisema muuza karanga.
Tia grisi, alisema konda wa lori la mbao.
Nikatia vyote.
Vumbi la barabara likaja, likakuta karamu,
likala, likanenepa humo humo ndani.

Ndipo nikaelekezwa kwa Ambakisye,
fundi wa kufuli na baiskeli, nyuma ya mashine ya kukoboa,
mtu wa koti la mvua hata siku ya jua.
Usukani hakuugusa. Aliomba ufunguo,
akauinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja.
“Meno yamekwisha.”
Kisha, bila kunitazama:
“Na wewe unaushika kama umekamata mwizi.”

Akanyunyiza petroli tunduni kwa bomba la sindano.
Ukatoka uji mweusi,
tone, tone, juu ya gazeti la mwaka jana.
Akasubiri pakauke.
Mimi nilikuwa na viazi, nilikuwa na mteja Mbalizi.
Akasubiri.

“Kitasa hakinywi mafuta, mama. Una penseli?”

Nilikuwa nayo ya Lusajo, mpya,
ya mtihani wa darasa la nne.
Akaipasua kwa wembe, akakwangua ule weusi wa ndani
ukawa unga laini kama wanja,
akaupaka ufunguo huku na huku,
akauingiza, akautoa, akauingiza, akautoa,
malori mangapi ya Kyela yalipita sijui,
niliacha kuhesabu kwenye kumi na saba.

“Huu utakufikisha mwezi wa tisa.
Ukienda kuchonga mwingine, chonga kwa namba ya kitasa.
Ukinakili kibogoyo
utapata kibogoyo wa pili.”
Elfu tatu. Hakutaka kushika hata soda.

Jioni Lusajo akapokea kipande cha penseli
kirefu kama kidole gumba.
Akakitazama, akanitazama.
“Nani kaila?”
“Gari.”
Akakichonga polepole, bila neno,
akalala nacho chini ya mto.

Na alfajiri hii, ukungu uleule, magunia mengine,
nimeingia na mabega yangu yote mawili,
nimeuma meno, nimeukamata —

ufunguo ukazunguka kabla sijamaliza kuvuta pumzi.
Mkono ukapitiliza, kiwiko kikaangukia honi,
mbwa wote wa Isyonje wakaamka kunijibu.

Pijo inanguruma.
Mimi bado nimekaa,
nguvu za miaka miwili kiganjani,
sina pa kuziweka.